Madoa ya Meno ya Mbele na Kuchonga Mwanya: Nini Hukumu Yake?

SWALI: Assalaamu alaykum, sheikh. Nimezaliwa na kukulia wilaya ya Arumeru, mkoani Arusha, na meno yangu ya mbele yana madoa ya kahawia tangu yalipoota, kama walivyo wengi wa rika langu hapa kwetu. Nimechumbiwa, na ninaona haya kucheka mbele za watu. Daktari wa meno ameniambia kuwa anaweza kuyang'arisha kwa dawa, au kuyapunguza kidogo kwa mbele na kuyabandika vipande vyembamba vya kauri. Dada yangu, ambaye meno yake hayana kasoro yoyote, anataka twende pamoja ili achongwe mwanya katika meno ya juu. Mama anasema sote wawili tunaingia katika laana ya wanaobadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu. Je, ni kweli?

JAWABU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Hofu ya mama yenu ina msingi, wala msiichukulie kuwa ni ukali wa watu wa zamani. Bukhari na Muslim, wakusanyaji wa Hadithi, wamepokea kutoka kwa sahaba Abdullah bin Mas'ud (r.a.) laana juu ya wanawake wanaochanja na kuchanjwa chale za rangi mwilini, wanaonyoa nyusi, na wanaotia meno yao mwanya kwa ajili ya uzuri, wenye kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu. Bibi mmoja wa Banu Asad, Ummu Ya'qub, alipopata habari hiyo alimwendea Ibn Mas'ud akamwambia kuwa yeye ameusoma msahafu wote na hakuliona jambo hilo ndani yake. Ibn Mas'ud akamsomea aya ya 7 ya Suratul Hashr, inayotuamuru tukichukue anachotupa Mtume na tujiepushe na anachotukataza. Kwa hiyo katazo hili ni zito, na asiyelijali amejihatarisha.

Hata hivyo, katika Hadithi hiyohiyo kuna maneno ambayo wanazuoni waliyazingatia sana, nayo ni "kwa ajili ya uzuri". Imam Nawawi, katika sherehe yake (yaani kitabu cha ufafanuzi) ya Sahihi Muslim, ameeleza kuwa maneno hayo yanaonyesha kilichoharamishwa ni kile kinachofanywa kutafuta uzuri, ama ikiwa mtu anakihitaji kwa matibabu au kwa sababu ya kasoro iliyo katika jino, basi hapana ubaya. Na katika mapokezi ya Abu Dawud kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.), laana ya mambo ya aina hii imefungwa kwa maneno "pasipo maradhi". Zaidi ya hayo, sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua katika vita vya Kulab zama za ujahiliya, yaani kabla ya Uislamu, akajiwekea pua ya fedha, ikamnukia vibaya, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu, ilhali dhahabu ni haramu kwa mwanamume kuivaa kama pambo. Mtu hupumua bila pua ya bandia. Alichorudishiwa Arfaja ni sura yake miongoni mwa watu, na Mtume hakumwambia kuwa anabadilisha maumbile.

Sasa tutazame madoa yako. Maji yanayopita katika miamba ya volkano ya Meru na Kilimanjaro hubeba madini ya floraidi kwa wingi, na visima na chemchemi nyingi za huko huzidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto akiyanywa wakati meno ya utu uzima yangali yakijijenga ndani ya ufizi, tabaka gumu la nje huota na dosari, ndiyo maana mswaki hauwezi kuiondoa. Huenda mtu akasema kuwa madhali nusu ya kijiji wana meno hayo, basi hiyo si kasoro bali ndiyo hali ya watu wa huko. Sikubaliani naye, kwa kuwa maradhi hayageuki kuwa afya kwa kuwapata watu wengi, na kasoro hupimwa kwa umbile la kawaida la mwanadamu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, liliruhusu kurekebisha kasoro za kuzaliwa nazo na zinazompata mtu baadaye, na miongoni mwa mifano liliyoitaja ni meno yaliyozidi, yakiwa yanasababisha udhia wa kimwili au wa kinafsi. Kuona kwako haya kucheka mbele za watu ni udhia wa namna hiyo, nami naona inajuzu kwako kutibiwa.

Lakini anza na njia nyepesi. Dawa ya kung'arisha haibadilishi umbo la jino, na iko karibu zaidi na maana ya siwaki, ambayo Mtume (s.a.w.) aliisifu kuwa ni tohara ya kinywa na radhi ya Mola. Vipande vya kauri kwa kawaida huhitaji jino likwanguliwe, na kilichokwanguliwa hakioti tena. Basi viache hadi daktari mwaminifu akuambie kuwa dawa haikufaa, na lengo liwe ni kuondoa doa, si kutafuta meno meupe kama kikombe kipya.

Ama dada yako, hali yake ndiyo hasa iliyotajwa katika Hadithi. Najua mwanya unavyosifiwa kwetu, na aliyezaliwa nao ni pambo alilopewa na Mola wake. Kuuchonga katika meno mazima ni jambo jingine, na haijalishi kama zamani walitumia tupa na leo ni mashine ya daktari. Asifanye.

Kuhusu mchumba wako, huna wajibu wa kumtangazia matibabu, lakini akikuuliza usimfiche. Na kwa udhu, kauri iliyogandishwa huchukua hukumu ya jino lenyewe, kwa hiyo haizuii udhu wala josho. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, kusukutua kwenyewe ni sunna katika yote mawili. Akipatikana daktari wa kike, nenda kwake. Asipopatikana, usibaki faragha na wa kiume, na hapo dada yako anaweza kukusindikiza.

Wallahu a'lam.