Jeshi moja la Ulaya lingewazuia magaidi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu sera ya ulinzi ya Umoja wa Ulaya. Ufaransa iliposhambuliwa Novemba 2015 iliomba msaada kwa Ibara ya 42(7) ya Mkataba wa Umoja, lakini sioni jeshi lolote la Ulaya lililokwenda. Niandike kwamba sera ilishindwa, na dawa ni jeshi moja la pamoja dhidi ya ugaidi? – Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Marahaba. Ibara hiyo haimpi mtu yeyote Brussels, kwenye makao makuu ya Umoja, jeshi la kutuma. Inazibana nchi wanachama kumsaidia mwenzao, na kila nchi inajadiliana naye yenyewe. Ujerumani ilitoa ndege za upelelezi za Tornado, ikatoa meli ya kivita kuisindikiza Charles de Gaulle, manowari ya Ufaransa inayobeba ndege, ikaongeza askari Mali ili Wafaransa wapumue. Liandike hilo, usonge mbele.

Kinachonikera ni hiyo "dawa". Kila bomu likilipuka Ulaya, anazuka mtu na jeshi moja mkononi. Askari wapo! Vikosi vya dharura vya Umoja, vyenye askari 1,500 hivi kila kimoja, vimekuwa zamu kamili tangu 2007 na havijawahi kutumwa popote. Ufaransa yenyewe ilimwaga askari wapatao 10,000 mitaani Januari 2015. Novemba, watu 130 wakauawa.

Sasa tazama asubuhi ya Novemba 14. Karibu na Cambrai, kaskazini mwa Ufaransa, kwenye barabara kuu ya kuelekea Ubelgiji, jandarme (polisi wa kijeshi) wanasimamisha gari. Ndani yumo Salah Abdeslam, mmoja wa kundi la washambuliaji, saa chache tu baada ya mauaji. Wanaangalia vitambulisho, wanapitisha majina kwenye mfumo wa taarifa wa Schengen, daftari la pamoja la watu wanaotafutwa au kufuatiliwa na polisi wa Ulaya. La Abdeslam limo. Wabelgiji waliliweka, ila kwa makosa ya kawaida ya jinai, bila neno la ugaidi. Gari likaruhusiwa. Alikuja kukamatwa Molenbeek, mtaa wa Brussels, Machi 18, 2016. Siku nne baadaye Brussels ikalipuliwa, wakafa watu 32. Pale Cambrai, kifaru kingesaidia nini?

Kilichosaidia Ulaya ni makaratasi. Rachid Ramda, aliyetakiwa na Ufaransa kwa milipuko ya treni ya 1995, alikaa Uingereza miaka kumi kabla ya kukabidhiwa. Ikaja hati ya Ulaya ya kukamata watuhumiwa: mmoja wa waliojaribu kulipua London Julai 21, 2005 alikamatwa Roma Julai 29, na Septemba alikuwa amesharudishwa. Lakini ujasusi haujapata hati kama hiyo, kwa sababu Ibara ya 4(2) ya Mkataba huohuo inauacha usalama wa taifa mikononi mwa kila nchi. Hata mratibu wa Umoja wa kupambana na ugaidi, cheo kilichoanzishwa 2004 baada ya treni za Madrid kulipuliwa, hana polisi hata mmoja wa kumwamuru. Tasnifu yako iko hapo.

Na jihadhari na waganga wa usalama, wa huko na wa kwetu. Niliwahi kukaa semina moja ambapo muuzaji alituonyesha kamera ya kutambua sura, picha zinang'aa ukutani, wakubwa wanatikisa vichwa. Nikamuuliza: ikishamtambua mtu, taarifa inakwenda kwa nani, na huyo ana mamlaka gani ya kumkamata? Akafungua ukurasa wa bei.