Tyson aliondolewa kabla ya hukumu

Ndugu, umeandika kwamba bondia Mike Tyson, mpinzani wa mwisho katika gemu ya video ya ngumi ya Nintendo, Punch-Out!!, aliondolewa humo kwa sababu ya kesi yake ya ubakaji, lakini tarehe zinakataa: gemu yenye jina lake ilitoka mwaka 1987, ikatolewa upya bila yeye mwaka 1990 baada ya mkataba wa kutumia jina lake kumalizika, ilhali alitiwa hatiani Februari 1992. Kwangu, linalostahili kujadiliwa zaidi ni aliyewekwa mahali pake. Mr. Dream ni Mzungu aliyebandikwa kichwa kipya na rangi nyingine juu ya mwili uleule wa Tyson, akarithi hata ngumi zile za kutoka chini ambazo, katika sekunde 90 za kwanza, moja tu ikikupata unakwenda sakafuni. (Namba ya siri anayoingiza mchezaji ili aruke moja kwa moja hadi kwa mpinzani huyo, 007-373-5963, nayo haikubadilishwa.) Mweusi aliye upande wetu wachezaji ni Doc Louis, kocha wa Little Mac, bondia tunayemchezesha, ambaye kati ya raundi, badala ya kumwelekeza bondia wake, mara nyingine humhimiza ajiunge na klabu ya mashabiki wa Nintendo.