Bisibisi kwanza, duka baadaye: maswali yenu kuhusu SSD na laptopu za zamani

Maswali ya safari hii karibu yote yanazunguka jambo moja: laptopu ya miaka mingi inajikokota, na mwenyewe anataka kung'oa hadi diski (yaani hard disk, diski ya zamani inayozunguka) na kufunga SSD, diski ya memori tupu. Nimechagua yale ambayo jibu lake litawafaa na wengine.

Nina HP EliteBook 840 G3 niliyonunua mtumba, yenye hadi diski ya GB 500. Naiwasha, naenda kuoga, narudi bado inazunguka. Dukani nimeambiwa nisipoteze hela kwenye SATA, ninunue NVMe kwa sababu ina kasi mara sita. Ni kweli? Na itaingia? (Mwalimu, Morogoro)

Mwalimu, SATA na NVMe ni njia mbili ambazo SSD huzungumza na mashine, ya kwanza ya zamani na ya pili mpya, na kwa namba za kwenye boksi muuzaji hajakudanganya. SSD ya SATA hugota kwenye MB 550 hivi kwa sekunde, wakati NVMe ya kawaida ya PCIe 3 (PCIe ni barabara ya data ya NVMe, na 3 ni kizazi chake) hufika MB 3,000 na zaidi. Ila namba hizo hupimwa diski inaposoma faili moja kubwa mfululizo. Kuwasha Windows au kufungua Word ni kazi nyingine kabisa: ni kuokota vipande vidogo vidogo, maelfu kwa maelfu, vilivyotapakaa kila kona ya diski. Hadi diski ina sindano inayofanya kazi hiyo kama karani wa masjala anayekimbia kabati hadi kabati kutafuta karatasi moja moja. SSD haina kitu kinachosogea ndani yake. Huko kuoga na kurudi kutakwisha kwa SATA, na kutakwisha kwa NVMe. Tofauti ya hizo mbili kwa mtu wa Word, Excel na matokeo ya wanafunzi utaitafuta kwa tochi.

Bahati yako ni kwamba G3 ina nafasi zote mbili. Zima mashine, chomoa chaja, legeza skrubu za mfuniko wa chini. Hazitoki, zinabaki zimeshikwa na mfuniko, kwa hiyo usihangaike kuzivuta. Pitisha kadi ya benki iliyokwisha muda kwenye ukingo hadi mfuniko uachie, na kabla hujagusa chochote kingine chomoa waya wa betri. Hapo utaiona hadi diski ya inchi 2.5 kwenye fremu yake, na mahali pengine sloti nyembamba ya M.2 (ya diski zenye umbo la kadi ndogo) ambayo mbele yake, milimita 80 hivi, pana tundu la skrubu. Sloti hiyo inakubali M.2 ya SATA na ya NVMe pia.

Ningekuwa wewe ningechukua NVMe ya GB 256 au 500 yenye kipimo cha 2280 (upana milimita 22, urefu 80), nikaweka Windows humo, na hadi diski ya zamani nikaiacha ilipo iwe ghala la mafaili. Bei zikikaribiana chukua NVMe. SATA ikiwa rahisi kwa kiasi cha kuonekana, chukua SATA na usijute. PCIe 4 achana nayo. Itafanya kazi, lakini kwa mwendo wa sloti yako, na utakuwa umelipia kasi usiyoweza kuitumia. Halafu dai kile kiskrubu kidogo cha kuibana. Mara nyingi hakimo ndani ya mashine wala kwenye boksi, na bila hicho diski inabaki imeinuka kwa upande mmoja.

Wenye G3 zilizokuja na M.2 pekee wana tatizo la kinyume: nafasi ya inchi 2.5 ipo, lakini kebo na fremu yake huwa havikufungwa. Ulizia vipuri hivyo kwanza, ndipo ununue diski.

Shikamoo fundi. Kaka amenirithisha ThinkPad T410. Wenzangu chuoni wanasema ni ya kale mno, SSD za sasa haziingiliani nayo. (Mwanafunzi, Eldoret)

Marahaba. Waambie wenzako zinaingiliana. T410 ni ya mwaka 2010 na ina SATA ya kizazi cha pili, ambayo mwisho wake ni MB 300 kwa sekunde. SSD ya SATA ya leo ukiichomeka humo inashusha mwendo yenyewe ilingane na mashine. Utapoteza kama nusu ya kasi iliyoandikwa kwenye boksi, na bado mashine itakuwa nyepesi kuliko ulivyowahi kuiona, kwa sababu ileile niliyomweleza mwalimu.

Kinachohitaji jicho ni unene. Hadi diski inayotoka humo ina milimita 9.5, SSD karibu zote za inchi 2.5 zina milimita 7. Itaingia ila itacheza. Boksi nyingine huja na fremu ya plastiki ya kuziba hizo milimita 2.5, lako likikosa, kata kadibodi ngumu, ibandike juu ya SSD, kisha rudisha zile reli mbili za mpira ubavuni. Wenye ThinkPad X220 wasome hapa kwa kugeuza: nafasi yao ni ya milimita 7 tu, na hadi diski nene wasiilazimishe.

Kabla hujaweka Windows, bonyeza F1 mashine inapowaka, ingia kwenye mipangilio ya Serial ATA (ndiyo SATA) na uhakikishe imewekwa AHCI, namna ya kuendesha diski inayoifaa SSD. Ukiibadilisha baada ya Windows kukaa, utakaribishwa na skrini ya buluu. Angalia na RAM pia, ile memori ya kufanyia kazi. Ikiwa ni GB 2, SSD peke yake haitakuokoa. T410 inakubali hadi GB 8 za DDR3, na za mtumba hazina bei kubwa.

Laptopu yangu ya 2014 ina sloti ya M.2. Nimenunua NVMe ya GB 500, imeingia bila kulazimishwa, lakini BIOS (programu ya msingi ya mashine) haiioni kabisa. Dukani wanasema nimeiunguza mimi. (Msomaji, Arusha)

Sidhani kama umeiunguza. Umekutana na mtego mkubwa kuliko yote katika biashara hii. M.2 ni umbo tu. Ndani ya umbo hilo diski inaweza kuwa ya SATA au ya NVMe, na sloti inaweza kukubali moja, nyingine, au zote. Laptopu nyingi za 2013 hadi 2015 zina sloti ya M.2 ya SATA pekee. Ukiweka NVMe humo inakaa vizuri, inabanwa vizuri, na mashine inaendelea kana kwamba hakuna kitu.

Ipime kwenye laptopu mpya zaidi yenye NVMe, au kwenye kasha la USB la NVMe. Ikisomeka, rudi nayo dukani ukawaonyeshe ikifanya kazi, mbadilishane na M.2 ya SATA. Hapo wataishiwa maneno.

Wengine wanaoenda kununua, igeuzeni diski mtazame meno yake ya dhahabu. M.2 ya SATA huwa na mikato miwili, mmoja kila upande; NVMe nyingi zina mkato mmoja. Nasema nyingi kwa sababu zipo NVMe zenye mikato miwili, kwa hiyo lebo ndiyo ya kuamini: isomeke SATA, au isomeke NVMe. Tarakimu kama 2242, 2260 na 2280 ni vipimo: upana milimita 22, urefu 42, 60 au 80. Diski ya 80 haiingii kwenye nafasi ya 42, hata ukiibembeleza vipi. Jihadharini pia na sloti ya modemu ya laini ya simu, ambayo inafanana na hizi na baadhi ya mashine hazikubali diski hapo.

Kuna na mSATA, ambayo si M.2 hata kidogo. Ni kadi fupi na pana zaidi, milimita 30 kwa karibu 51. Dell Latitude E7240 inatumia hiyo. Kila wiki kuna mtu anabeba M.2 kumpelekea fundi wa E7240, na kila wiki fundi anairudisha.

Dawa ni mwongozo wa matengenezo wa modeli yako. HP, Dell na Lenovo wanauweka bure kwenye tovuti zao, na una ukurasa unaotaja diski zinazokubaliwa. Tafuta kwa jina kamili lililo kwenye kibandiko cha chini, si "HP ile nyeusi".

Nina MacBook Air ya 2015 yenye GB 128, imejaa pomoni. Fundi hapa Muscat anasema SSD za Apple hazibadilishiki. (Dada, Muscat)

Za kuanzia MacBook Air ya 2018 yuko sahihi, zimechomelewa kwenye ubao. Yako inatoka. Kikwazo ni kwamba Apple walitumia soketi yao wenyewe, inayofanana na M.2 lakini si M.2. Kipo kiadapta kidogo cha bei ndogo cha kuweka katikati, kisha NVMe ya kawaida ya 2280 inakaa.

Hapa mpangilio wa kazi ndio kila kitu, dada. Kabla diski ya zamani haijatoka, hakikisha mashine ilishawekewa macOS High Sierra au toleo la baadaye, maana usakinishaji huo ndio unaosasisha programu ya msingi ya mashine iitambue NVMe. Ukitoa diski kwanza, utarudi nyuma kuanza upya. Nakala ya Time Machine, programu ya Apple ya kuhifadhi nakala, iwe tayari pia. Bisibisi zinazotakiwa ni mbili: ya nyota ya meno matano kwa mfuniko, na Torx T5 kwa skrubu ya diski. Fundi asiye nazo asiifungue kwa kisu. Wenye Air za 2013 na 2014 wajue kwamba zikifungwa NVMe zina tabia ya kugoma kuamka zikilala muda mrefu. Yako ya 2015 haina usumbufu huo.

HP Stream 11 ya GB 32 inabadilishiwa SSD? (Msomaji, Kigoma)

Hapana. Hifadhi yake ni eMMC, chipu ya memori iliyochomelewa kwenye ubao. Weka mafaili kwenye kadi ya memori, na hela ya SSD iweke akiba ya mashine nyingine.

Nimeona SSD ya TB 2 kwa bei ambayo kwingine sipati hata GB 240. Mwenye duka anasema ni ofa. (Mfanyabiashara, Kariakoo)

Hiyo si ofa ndugu yangu. Ndani ya kasha la namna hiyo mafundi hukuta kijibao chenye memori ya GB 32 au 64, wakati mwingine kadi ya simu iliyogundishwa kwa gundi, na programu iliyochezewa iidanganye Windows kuwa hapo pana TB 2. Ukinakili picha za harusi, zinaonekana zote. Nafasi halisi ikijaa, mpya zinaandikwa juu ya za zamani kimyakimya, na utajua siku unazifungua.

Usipime kwa kuangalia ukubwa kwenye Windows. Huko ndiko uongo ulikopikwa. Tumia programu ya H2testw, au f3 kama una Linux au Mac. Zinaijaza diski yote kisha zinasoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichorudi. Kazi hiyo inachukua saa kadhaa, kwa hiyo patana na muuzaji mapema juu ya kurudisha, na risiti iandikwe namba ya diski. Muuzaji wa mali halali hakatai sharti hilo. Anayekasirika umeshapata jibu lako.

Kwa SSD iliyotumika, programu ya CrystalDiskInfo itakuonyesha saa ilizofanya kazi na kiasi cha data kilichokwisha kuandikwa humo.

GB 120 inatosha? Na ni kweli SSD inakufa haraka? (Msomaji, Bujumbura)

GB 120 itajazwa na Windows, masasisho yake, programu na mafaili yako hadi ushindwe kupumua. Anzia 240, na ukiweza fika 480.

Kuhusu kufa, chukua mfano wa SSD ya bei ya chini, Kingston A400 ya GB 240. Mtengenezaji ameikadiria TB 80 za kuandikwa. Mtu anayeandika GB 20 kila siku, na wengi wetu hatufiki huko, atazimaliza baada ya miaka kama 11. Samsung 870 EVO ya GB 500 imekadiriwa TB 300. Umeme unaokatika ovyo na betri iliyokufa vitaisumbua mashine yako kabla ya hesabu hizo kufika. Ila ukumbuke kwamba SSD ikifa haitoi mlio wa kukwaruza kama hadi diski, inazimika tu. Nakala za mafaili yako ziwe mahali pengine.

Ninakili diski nzima au niweke Windows upya? Na ya zamani niifanyeje? (Msomaji, Nakuru)

Ikiwa mashine ni safi na una programu zilizokuhangaisha kuziweka, nakili kwa Clonezilla, ambayo ni bure, ila inataka SSD isiwe ndogo kuliko diski unayoinakili. Ikiwa imejaa takataka na virusi vya miaka, weka upya, usihamishe uchafu. Jua pia kwamba Microsoft walisitisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti yake rasmi inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda mbele. Laptopu nyingi tulizozungumzia hapa haziingii humo. Linux Mint, mfumo wa bure wa kutumia badala ya Windows, inaingia, na kwenye SSD inakimbia vizuri hata kwa mashine za 2010.

Ya zamani itie kwenye kasha la USB la inchi 2.5. Au kama laptopu yako ina sehemu ya DVD usiyoitumia, nunua trei ya kuiweka hapo, lakini pima kwanza unene wa ile DVD: zipo za milimita 9.5 na za 12.7, na trei ya moja haiingii kwa nyingine. SSD ikae kwenye nafasi kuu, hadi diski ndiyo iende kwenye trei.