Jibu: Mpiga sita wako asifungue, mimi nilishaungua

Wewe uliyeuliza nani wa timu yako ya kriketi afungue, yaani aanze kupiga, mpigaji wa mkono wa kushoto umpange wapi na wale watatu walio wapya mchezoni uwafiche wapi: ngoja kwanza. Hiyo listi ya zamu za kupiga uliyobandika, namba moja akiwa mkali wenu wa sita (mpira unaovuka mpaka bila kugusa chini, alama sita), niliwahi kuiandika kwa mkono wangu. Aibu yake ninayo mpaka leo.

Mechi ya ova 25 (ova moja ni mipira sita ya mrushaji), Jumapili, Mombasa. Tulikuwa na kijana hatari. Ukimrushia mpira wa tenisi uliofungwa selotepu, anauvusha ukuta anavyotaka; majirani walishachoka kuturudishia. Sasa mzee mmoja anayejiita kocha (alicheza zamani, anasema, ila sijakutana na aliyemwona) akanishika bega: "Nahodha, mpigaji bora lazima aone mipira mingi. Mweke juu." Akanipigia na mfano wa Afridi wa Pakistan pale Nairobi Gymkhana, Oktoba 1996, mikimbio (alama) 100 kwa mipira 37. Kichwa kikanivimba.

Asilosema mzee ni kwamba siku ile Afridi hakufungua, aliingia wa tatu. Halafu yule ni Afridi, bwana. Wangu alikuwa fundi friji.

Mechini tunatumia mpira mgumu wa kriketi, si ule wa tenisi, na ukiwa mpya unapinda hewani, mshono umesimama. Na sisi tunachezea mkeka uliotandazwa juu ya saruji, mpira ukigonga pale unapanda mpaka kifuani. Mrushaji wao hakuwa na kasi ya kutisha hata kidogo. Wa kwanza ukampita. Wa pili ukampita. Wa tatu kijana akazungusha bati kama anayefukuza nyuki, kijiti cha kati, katika vile vitatu anavyovilinda, kikalala chali. Nje. Akaingia mwenzake wa aina ileile, maana wakali wote nilikuwa nimewapanga juu kama maembe mazuri kwenye tenga. Huyo akaupiga juu, juu, ukashuka taratibu mikononi mwa kipa, naye nje. Namba nne yuko wapi? Anatafuna sambusa, pedi moja mguuni, nyingine kwapani! Mimi namba tano niliingia ova ya tatu, nikatoka ova ya nne. Jua lilikuwa machoni, msiniulize.

Tukaisha kwa mikimbio 43. Chai ilikuwa haijachemka. Mwandika alama akaniuliza ukurasa wa pili auache wazi au achore maua.

Na unajua nani hakutolewa? Mwalimu wa hesabu, namba tisa, tuliyekuwa tukimcheka kwamba anapiga kama anayepiga pasi. Mipira 22, mikimbio 6, na kila mpira wa nje ya vijiti aliinua bati akautazama ukipita. Wiki iliyofuata nikamfungulisha yeye, fundi friji nikamshusha namba tano. Akaingia ova ya 13, mpira umelainika, warushaji ulimi nje. Hapo ndipo ukuta ulipovukwa.

Kwa hiyo mazoezini mrushie huyo mkali wako mipira sita, yote nje kidogo ya vijiti. Akiikimbilia yote, hafungui. Hata kama mpira ni wake na gari la kuwabeba ni lake.

Wa mkono wa kushoto... mweke popote, mradi afanye huo mtihani. Na mzee akitokea kukushika bega, mwambie unawahi mahali.