Koboko Wangu Hakutoka Kaloleni

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Je, picha ya mnyama aliyefungiwa inahesabika kuwa picha ya wanyamapori?" Najua wako watakaojibu hapana kabla ya kufika kwenye alama ya kuuliza. Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Malindi, na kwa miaka sita Jumamosi zangu nyingi zimeishia mbele ya vioo vya nyoka na kuta za mabwawa ya mamba, kamera ya mtumba shingoni. Jibu langu ni ndiyo, ila kwa sharti moja, na sharti lenyewe nililijua kwa kuumbuka.

Nianze na kiboko. Desemba 2004, tsunami ilipofika hadi pwani yetu, kiboko mchanga alikwama baharini hapa Malindi, hana mama. Watu wakahangaika naye kwa nyavu, wakamwokoa, akapelekwa Haller Park kule Bamburi na kupewa jina la Owen. Huko akamganda kobe mkubwa wa Aldabra aitwaye Mzee: akilala ubavuni mwake, akimwandama kila aendako. Picha zao, alizopiga mwandishi wa habari Peter Greste, zilizunguka dunia nzima. Na Haller Park si mbuga. Ni machimbo ya kiwanda cha saruji yaliyoanza kupandwa mivinje mwaka 1971, wanyama wakaja baadaye. Mbona hakuna aliyelalamika kwamba picha zile ni za uongo? Kwa sababu hakuna aliyefichwa zilikopigwa.

Tena tusemezane ukweli wa mifuko yetu. Kwenda Tsavo ni gari, ni mafuta, ni kiingilio, na lenzi ya kumfikia simba aliye mbali bei yake ni ya pikipiki. Mimi nina kamera ya Nikon D3100 na lenzi ya milimita 55–200. Kwa nyoka aliye upande wa pili wa kioo, inatosha na kubaki.

Hicho kioo sasa. Picha zangu za miezi ya kwanza zina viumbe wawili: chatu, na mimi mwenyewe na shati langu jeupe juu ya mgongo wake. Flashi ndiyo ilizidi kuniaibisha, maana mwanga ukigonga kioo hurudi ulikotoka, nikawa narudi nyumbani na picha zenye jua katikati. Dawa niliipata kabatini kwa mke wangu. Nilimwomba buibui lake la zamani, nikajifunika kichwa pamoja na kamera kama wapiga picha wa studio wa enzi zile, kisha nikaugandisha mdomo wa lenzi kwenye kioo. Watoto wa shule waliokuwa ziarani walicheka mpaka mwalimu wao akawakemea. Lakini kioo kilitoweka. (Beba pia kitambaa cha kufutia. Alama za vidole vya watoto hao hao hazifanani na ukungu wa msituni.)

Taa nazo zina hila yake. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za ndani hufifia na kuwaka pamoja nao bila jicho kung'amua. Nikipiga kwa shata ya sekunde 1/320 picha inatoka na mikanda, huku kumewaka, huku kumefifia. Nikishuka hadi 1/100 inatulia. Nilifurahi sana siku nilipolitambua hilo, hesabu imenifaa nje ya darasa. Furaha haikudumu: ulimi wa nyoka kwa 1/100 ni moshi mtupu. Kwa hiyo ulimi nautafuta kwa wale tu wanaopata jua la dirishani asubuhi, wengine nawapiga mdomo umefumba. Waya hauna tabu kama kioo. Sogeza lenzi mpaka iuguse, fungua mpaka mwisho tundu la lenzi linaloingiza mwanga, ngoja mnyama aende mbali na waya, na hakikisha jua haliupigi pale uliposimama.

Jicho ndilo picha. Bafe, ambaye wengine humwita kifutu, mboni yake imesimama wima kama ya paka. Ya koboko, nyoka mwenye sumu kali, ni duara, na ya swila vilevile. Nyoka hana kope, ana gamba angavu linalofunika jicho kama kioo cha saa. Kuna siku nilikesha na picha za chatu nikiilaumu lenzi, kila picha jicho lina ukungu wa maziwa. Wiki iliyofuata nikamwonyesha mlinzi wa nyoka. Akaniambia, "Mwalimu, lenzi yako haina kosa. Huyu anataka kujivua gamba." Si kwa maana ya siasa za majirani zetu Tanzania, ya chama kujisafisha, lakini nilicheka. Hilo nisingelijua porini, maana porini chatu hangoji urudi Jumamosi ijayo.

Sasa aibu yangu. Nilimpata koboko siku moja kwa picha ambayo mpaka leo naiona nzuri: kichwa chote, rangi yake ya kijivu (weusi uko ndani ya mdomo, si kwenye ngozi), nyuma yake tawi kavu, kioo hakionekani hata kidogo. Nilikuwa nimejipongeza hasa kwa hicho kioo kutoonekana. Nikaituma kwenye kundi letu la WhatsApp na maneno matatu: "Koboko, leo asubuhi." Jioni picha ikanirudia kutoka kwa binamu yangu Mombasa: TAHADHARI, koboko ameonekana Kaloleni, wazazi zuieni watoto. Nikaandika haraka kwamba picha ni yangu, nyoka yuko Watamu, amefungiwa, wala hajawahi kuuona mnazi hata mmoja wa Kaloleni. Uongo ulikuwa umeshapanda boda, masahihisho yangu yakaenda kwa miguu. Siku ya tatu nikaletewa picha nyingine, ya nyoka aliyepondwa kichwa, na maneno "tumemmaliza". Alikuwa ukukwi. Mwembamba, wa kijani, wa kula vyura.

Sharti langu ndilo hilo: tangu hapo kila picha yangu ina maandishi ndani yake, juu ya tawi au mchanga wenyewe, kwa sababu maelezo ya chini hukatwa: jina la mnyama, "amefungiwa", na mahali. Inaharibu picha kidogo. Na iharibike.

Hata wakubwa walishateleza hapo. Mshindi wa shindano la picha za wanyamapori la Wildlife Photographer of the Year la 2009 alinyang'anywa tuzo mapema 2010, baada ya waamuzi kuona kwamba mbwamwitu wa Ulaya anayeruka lango kwenye picha yake yaelekea alikuwa wa kufugwa na kufunzwa. Mwenyewe alikana. Wala mwituni si lazima kuwe na uungwana: wako wanaomtia kinyonga kwenye friji ili apoe, kisha wakampachika kwenye ua zuri na kumwita wa porini. Kati ya huyo na chatu wangu wa kiooni, mniambie nani kafungiwa zaidi.

Watamu ni mahali pa kufaa kwa anayetaka kuanza na watambaazi. Bio-Ken, kituo cha nyoka, iko pale tangu 1980, na swila mkubwa mtema mate aliyetambuliwa kuwa aina ya peke yake mwaka 2007, Naja ashei, amepewa jina la mwanzilishi wa kituo hicho, James Ashe. Nenda mapema, kabla ya joto na mabasi.

Picha moja sina: koboko akiachama, ule weusi wa mdomo wazi. Hufanya hivyo anapohisi yuko hatarini. Siku moja mgeni mmoja alitoa noti ya elfu ili kioo kigongwe kidogo tu, na mimi, siwafichi, kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe. Mlinzi aliitazama ile noti, akanitazama mimi na buibui langu, akasema, "Leo hana neno na mtu." Akaendelea kufagia.