Kisanduku cha 24: niliyojifunza nikiomba karatasi yangu ya jeshi ibadilishwe

Kiswahili ndicho kilichoniingiza jeshini. Mwaka 2013 jeshi la Marekani lilikuwa bado linaandikisha wageni wasio na grinikadi kupitia mpango ulioitwa MAVNI, uliotafuta wataalamu wa afya na watu wanaojua lugha fulani, na Kiswahili kilikuwamo. Mtihani niliufanya kwa simu. Upande wa pili alikuwa mama mmoja mwenye lafudhi ya bara, akaniambia nimweleze wali wa nazi unavyopikwa, kisha ghafla akataka maoni yangu kuhusu kodi. Kwenye nazi mtoto wa Tanga nilitamba. Kwenye kodi nilibabaisha. Nikafaulu, na mwisho wa mafunzo ya awali nikala kiapo cha uraia nikiwa ndani ya magwanda. Mama alipopata picha aliipeleka mpaka kwa fundi cherehani wake.

Haikutimia miaka mitatu, Februari 2016 nikatoka na karatasi ambayo kisanduku chake cha 24 kilisema nimetumikia chini ya masharti yasiyo ya heshima. Wenyewe huiita OTH. Ilinichukua zaidi ya miaka mitano kuibadilisha, tena nusunusu. Naandika kwa sababu kila nikienda msibani au harusini hapa Texas, haikosi kijana wa kunivuta pembeni: "Kaka, nasikia wewe uliwahi kushughulikia ile karatasi." Wengi hawasemi yao ilisomekaje. Huwa siulizi.

Karatasi hiyo ni DD 214, hati anayopewa mtu anapotoka jeshini. Itafute nakala ya 4, ile ndefu. Nakala ya 1 haina visanduku vya chini, ndiyo maana wengi wetu tunapenda kuionyesha hiyo, na ndiyo maana waajiri wanaojua wanaikataa. Kisanduku cha 24 kinataja aina ya utumishi, cha 26 namba ya siri ya sababu, cha 27 kama unaweza kurudi jeshini, na cha 28 sababu yenyewe kwa maneno. Juu kabisa kuna ya heshima kamili, inafuata ile wanayoiita jenero, ambayo bado ni "chini ya masharti ya heshima", halafu OTH. Chini ya OTH ziko mbili za mwisho, ya mwenendo mbaya na ya fedheha, ambazo hutolewa na mahakama ya kijeshi tu.

Mimi nilikuwa dereva wa malori. Mwaka 2014 nilikuwa Afghanistan, na gari la mbele yangu kwenye msafara lililipuliwa. Sitaeleza zaidi ya hapo leo. Niliporudi kambini Marekani sikulala. Nilikunywa. Siku moja niliondoka na sikurudi kwa siku 34. Kwenye hesabu za jeshi, ukipita siku 30 hawakuhesabu tena kama aliyechelewa, na shauri lako linaweza kwenda mahakama ya kijeshi. Nilirudi mwenyewe kwa miguu yangu. Wakaniwekea mbele karatasi ya kuomba niachishwe ili nisishtakiwe, na sajini mmoja akaninong'oneza: "Saini tu. Baada ya miezi sita inajigeuza yenyewe kuwa nzuri."

Hilo la miezi sita ni uongo, ndugu yangu. Nimelisikia kwa watu wa majimbo tofauti na vikosi tofauti, na wote walisaini wakiliamini. Hakuna karatasi inayojigeuza. Usipoomba, utazikwa nayo ilivyo.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia siku ile linatuhusu zaidi sisi tuliotoka nje. Aliyepata uraia kwa njia ya jeshi, akaachishwa kwa masharti yasiyo ya heshima kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi mwema, sheria inaruhusu uraia wake ufutwe. Haimaanishi kwamba wanakuja kukugongea kesho. Ila mimi nilijua mlango uko wazi, na kila bahasha ya serikali iliyoingia nyumbani niliifungua nimesimama. Kama hali yako ni hii, muone wakili wa uhamiaji kabla hujajaza fomu yoyote, iwe ya pasipoti au ya kumleta mzazi.

Mama nilimwambia nimemaliza mkataba. "Alhamdulillahi, umetoka salama," akasema. Basi uongo ukaota mizizi. Siku ya wanajeshi wa zamani mwezi Novemba, migahawa ikigawa chakula cha bure, marafiki wakinialika nakuwa na zamu kazini. Dada yangu ndiye aliyeikuta karatasi, ndani ya begi la viatu. Aliisoma yote, akaikunja palepale ilipokunjwa, akasema: "Mdogo wangu, hii unaificha kwa nani? Wao si ndio walioiandika?"

Sasa njia zenyewe. Ziko bodi mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni bodi ya mapitio ya kuachishwa jeshi, kila idara ya jeshi ina yake, fomu yake ni DD 293, na una miaka 15 tangu siku uliyotoka. Ya pili ni bodi ya kusahihisha kumbukumbu za jeshi, fomu DD 149, yenye kikomo cha miaka 3 tangu ugundue kosa, lakini wanaweza kukisamehe kikomo hicho kwa maslahi ya haki, na hukisamehe mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Aliyeachishwa na mahakama kuu ya kijeshi, au aliyepitisha miaka 15, anaenda moja kwa moja kwa hii ya pili. Fomu zote ni bure. Anayekudai dola za "kufungua faili" mkimbie. Vipo vituo vya msaada wa sheria kwenye vyuo vikuu, Yale na Harvard wanavyo, na vyama vya wanajeshi wa zamani kama American Legion na DAV vina watu wa kukushika mkono bila malipo.

Kwenye bodi ya mapitio kuna nafasi mbili: wasome makaratasi tu, au ufike mbele yao uzungumze. Anza na makaratasi. Ukinyimwa bado unaweza kuomba kuonana nao, lakini ukianza na kuonana nao, ya makaratasi umeipoteza. Hili nililipata kwa bahati. Mwaka 2018 niliogopa tu kuzungumza.

Na nilishindwa. Jibu lilikuja 2019, na nikisoma leo barua niliyowaandikia naona walikuwa na haki. Niliandika kama kijana aliyemkosea mjomba wake. Salamu ndefu, heshima tele, nikaomba radhi aya tatu, nikaahidi kutorudia, nikaeleza kwamba sasa nina kazi na naswali. Yaliyonikuta nikayapitia kwa mbali: "nilipata changamoto za kibinafsi." Ndivyo tulivyolelewa. Mtu mzima hasemi mbele ya watu kwamba alikuwa anajikojolea usingizini akiwa na miaka 27. Tunasitiri. Lakini bodi inaanza kwa kudhani kwamba jeshi lilitenda sawa, na kazi ya kuonyesha vingine ni yako. Nilichositiri mimi hawakuwa na namna ya kukiona.

Aliyenifungua macho ni mwanafunzi wa sheria, binti mdogo tu, aliyenipa waraka wa wizara ya ulinzi wa tarehe 25 Agosti 2017, watu wanauita wa Kurta. Ndani yake bodi zinaagizwa kuwatazama kwa jicho la huruma waliokuwa na kiwewe, majeraha ya ubongo, au waliodhalilishwa kingono jeshini, na kujiuliza maswali manne. Je, mtu huyu alikuwa na hali, au alipatwa na tukio, ambalo linaweza kupunguza uzito wa kosa? Lilitokea akiwa jeshini? Kweli linapunguza? Na je, linazidi uzito wa aina ya kuachishwa aliyopewa? Waraka unasema pia kwamba ushuhuda wako peke yako unaweza kutosha kuonyesha hali hiyo ilikuwapo. Upo na wa 2018, tarehe 25 Julai, unaohusu rehema na haki kwa jumla, ambao unamfaa hata asiye na ugonjwa wowote.

Binti akaniambia nitupe ile barua, nikae na maswali manne tu. La tatu ndilo lililonitoa jasho. Kusema niliona gari linalipuka, kisha kusema nilitoroka, ni mambo mawili yaliyowekwa jirani. Bodi inataka kuona kamba inayoyafunga. Kwa nini mlipuko ule ukamfanya mtu huyu aondoke kambini wiki ile, si wiki nyingine? Nilikaa na swali hilo siku kadhaa ndipo nikakumbuka: wiki ile walikuwa wamenipanga kuendesha lori la aina ileile, kwenye msafara wa mazoezi.

Kumbukumbu ikishakuja unaitafutia karatasi. Faili la utumishi niliomba kwa fomu SF 180 kwenye hifadhi ya kumbukumbu iliyoko St. Louis, Missouri. La matibabu usiishie huko. Kwa sisi tuliotoka miaka ya karibuni, mara nyingi liko upande wa VA, idara ya wanajeshi wa zamani. Omba lote, hata la meno. Langu lilikuwa na ukurasa mmoja wa zahanati ya kambi, siku 12 kabla sijatoroka. Muuguzi ameandika kwa kifupi kwamba mgonjwa hapati usingizi, anashtuka akisikia injini ya dizeli, apewe dawa ya usingizi, arudi akizidiwa. Mistari miwili. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba niliwahi kwenda. Nikapeleka ukurasa ule kwa mwanasaikolojia, akanipima, na katika ripoti yake akaandika kile ambacho mimi nisingeweza kukiandika: kwamba kutoroka kulitokana na hali hiyo. Ripoti inayosema tu "ana kiwewe" haitoshi, mwombe aeleze uhusiano. Na usingoje karatasi ibadilike ndipo utafute tiba. Hata mwenye OTH, akiwa aliwahi kutumikia eneo la vita, anaweza kupata huduma ya afya ya akili VA. Mimi nilidhani watanifukuza mlangoni, nikapoteza miaka miwili.

Barua za mashahidi: nilikuwa nazo saba. Sita zilinisifu, ya imamu, ya bosi wangu, ya jirani. Hazikudhuru. Iliyofanya kazi ni ya jamaa wa Puerto Rico niliyekaa naye kwenye lori moja Afghanistan. Mistari 11, sarufi mbovu, hakuna sifa hata moja. Aliandika tu kwamba baada ya siku ile nilikuwa silali kitandani, nalala kwenye kiti cha dereva.

Kikao kilikuwa 2021, kwa video, mimi mezani jikoni nimevaa suti na makobazi. Bodi yangu ilikuwa na watu watano, na wengi wao wakikubali umepita. Dada alikuwa chumbani na watoto, amewapa simu na biskuti ili wanyamaze. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya bangi, pombe, sheria. Wa tatu akaniuliza: "Hizo siku 34 ulikuwa wapi?"

Hilo halikuwa kwenye barua. Nilikaa kimya, nikaona uso wangu kwenye kioo cha kompyuta, halafu nikasema nilikuwa kwenye maegesho ya duka kubwa, maili arobaini kutoka kambini, nalala ndani ya gari, kiti cha dereva, ufunguo mkononi. Kila siku mahali palepale. Yule afisa akafunua karatasi zake akiangalia kitu. Naamini alikuwa anatafuta ile barua ya mistari 11, ingawa hakusema.

Wakanipandisha kutoka OTH hadi jenero. Kwa uraia wangu inatosha, kwa sababu jenero ni masharti ya heshima. Milango mingi ya VA ikafunguka, pamoja na mkopo wa nyumba. Ada ya chuo haikufunguka: ile fedha ya masomo ya baada ya Septemba 2001 inataka heshima kamili, jenero haifai. Wengi hushangilia hapa kisha wanafika dirishani chuoni wanarudishwa, basi jua mapema. Na kisanduku cha 28 wamekiacha kama kilivyo, bado kinasema niliachishwa badala ya kushtakiwa. Ukijaza fomu ya kuomba usitaje kisanduku cha 24 peke yake, andika kwamba unaomba na sababu ibadilishwe. Mimi sikukaza hapo.

Kwa hiyo nimejaza DD 149 kwa ile bodi ya pili, nikaambatisha kila kitu tena, ukurasa wa zahanati ukiwa juu kabisa. Kabla ya kuituma nilimpigia mama. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akauliza kama ule ufunguo ninao bado. Nikamwambia gari niliuza zamani. "Ufunguo nimekuuliza, mwanangu," akasema, "si gari."

Uko kwenye droo ya jikoni.