Sufuri hazitenganishi njia za mawimbi

Swali: Napima chaneli ya redio ndani ya ghala lenye paa la bati na rafu za chuma. Natumia VNA (kifaa kinachotuma na kupima mawimbi kwa kila masafa) kuanzia MHz 2,400 hadi 2,500, pointi 201, na antena zipo mita 15 kati yao. Nikigeuza vipimo kwenda kwenye muda napata mabonge machache tu. Nimepata programu inayoongeza sufuri mwishoni mwa vipimo hadi pointi 16,384, kabla ya kuvigeuza, na sasa naona vilele 14 vizuri kabisa. Je, hizo ni njia 14 ambazo wimbi limepitia, moja kwa moja na kwa kuakisiwa? Naweza kuandika ucheleweshaji wa kila moja hadi sehemu ya kumi ya nanosekunde?

Jibu: Hapana. Swali hili linanifikia kila mara, na karibu kila mara nyuma yake kuna programu ya aina hiyo. Upana wako wa masafa ni MHz 100. Huo unatenganisha njia zilizopishana nanosekunde 10, yaani mita 3 za safari ya wimbi. Sufuri hukuzipima ghalani, kwa hiyo haziwezi kukuambia chochote kuhusu ghala. Kazi yake ni kuchora mstari laini kati ya pointi ulizokuwa nazo tangu mwanzo.

Jaribu mwenyewe mezani. Tafuta splita mbili za masafa hayo, moja ya kugawa, nyingine ya kuunganisha, kisha weka kati yake kebo mbili za koaksia: ya mita 1 na ya mita 2. Kebo ya polietilini ngumu huchelewesha karibu nanosekunde 5 kwa kila mita, kwa hiyo umejitengenezea njia mbili unazozijua, zilizopishana nanosekunde 5. Kwenye grafu kwa kawaida utakuta bonge moja. Ongeza sufuri hata milioni, litabaki moja. Sasa refusha kebo moja kwa adapta, sentimita moja moja. Ndani ya sentimita 8 hivi, ambazo ni urefu mmoja wa wimbi ndani ya kebo, utafika mahali fezi za njia mbili zinapingana (kilele cha wimbi moja kinakutana na bonde la jingine), na bonge litapasuka kuwa vilele viwili vilivyoachana zaidi ya nanosekunde 10. Njia ni zilezile mbili, lakini hakuna hata kilele kimoja kilichokaa mahali pake. Vilele vyako 14 vimejaa vitu vya namna hii.

Vingine ni vilele vya pembeni. Ukikata masafa ghafla bila dirisha (yaani bila kupunguza vipimo polepole kwenye ncha za masafa), kila njia yenye nguvu huzaa vilele pande zote mbili, cha kwanza kikiwa desibeli 13 tu chini yake. Kwa mita 15, wimbi la moja kwa moja hufika baada ya nanosekunde 50. Angalia karibu na nanosekunde 36. Ukikuta kilele hapo, ni cha uongo, kwa sababu hakuna wimbi linalotangulia lile lililonyooka. Dirisha la Hann hushusha vilele hivyo hadi desibeli 31 hivi, ila linaongeza unene wa bonge mara mbili. Hakuna cha bure hapa.

Kinachowachanganya wengi ni kudhani usahihi na utenganishaji ni kitu kimoja. Njia moja iliyo peke yake, ikiizidi kelele kwa desibeli 30, kwa MHz 100 unaweza kweli kuipima hadi karibu sehemu ya kumi ya nanosekunde. Zikikaribiana mbili, uwezo huo umekwisha.

MUSIC, ESPRIT na SAGE, mbinu za hesabu za kukadiria njia, ni halali na zinaweza kupita mpaka wa nanosekunde 10, lakini kwa masharti. Ugezi (kulinganisha kifaa na viwango vinavyojulikana) ufanyike kwenye ncha za kebo pale antena zinapofungwa, kifaa kikiwa kimeshapata joto, na kebo zisikunjwe tena baada ya hapo. Ghalani asipite mtu: kwa kichujio cha VNA cha kHz 1, pointi 201 huchukua angalau sekunde 0.2, na mtu anayetembea mita 1 kwa sekunde atakuwa amesogea sentimita 20, wakati wimbi lako ni sentimita 12. Idadi ya njia usiikisie kwa macho. Ondoa njia ulizokadiria kwenye vipimo. Mabaki yakiwa bado na umbo la kushuka polepole, hiyo ni mitawanyiko ya rafu, na kuiongezea njia za kubuni ni kosa.

Dawa ya kweli ni upana wa masafa. Pima GHz 2 hadi 3 kwa pointi 1,001 na antena za masafa mapana: utatenganisha sentimita 30 na utaona hadi mita 300 bila kujirudia. Ulizia kwanza kibali kwa mamlaka ya mawasiliano. Ikishindikana, sogeza antena moja kwenye reli kwa hatua za sentimita 5, ili njia zinazofika pamoja zitenganishwe kwa pembe.

Hili halimhusu mwenye ghala tu. Ripoti za kupanga mitandao zinalipiwa zikiwa na safu ndefu za ucheleweshaji, bila kutaja upana wa masafa, dirisha wala kiwango cha kelele. Wengine hukokotoa hata mtawanyiko wa ucheleweshaji (jinsi njia zinavyotapakaa kwenye muda) wakiwa wamejumlisha kelele, na kwa kuwa muda hupigwa kipeo cha pili, kelele ya mwisho wa grafu inauzidi uzito ule wa njia halisi. Anayekuuzia programu mpe vipimo vya zile kebo mbili kabla hujamlipa, na usimtajie urefu wake.